Kurudisha mapigo ya moyo kwa shoti ya umeme: mgonjwa atarajie nini

Mgonjwa akiambiwa kwamba moyo wake utapigwa shoti ili mapigo yakae sawa, maswali yake yote huelekea kwenye umeme. Nitaumia? Moyo hautasimama? Ana haki ya kuuliza, na majibu yapo. Lakini shoti yenyewe haifiki hata sekunde moja. Hatari kubwa ya tiba hii ni kiharusi, na kinachomkinga mgonjwa ni vidonge anavyomeza nyumbani kabla na baada ya siku hiyo. Kwa hiyo tuanze na vidonge.

Wengi wanaofanyiwa tiba hii wana mpapatiko wa atiria. Atiria ni vyumba viwili vya juu vya moyo. Katika hali hii haviminyi kwa pamoja, vinatetemeka tu, na ishara za umeme ndani yake hufika kati ya 300 na 600 kwa dakika. Vyumba vya chini hupokea baadhi ya ishara hizo bila mpangilio, ndiyo maana ukishika mshipa wa kiganjani unakuta unapiga ovyo. Chumba kinachotetemeka hakisukumi damu ipasavyo. Damu hutuama, hasa kwenye kifuko kidogo kilicho kando ya atiria ya kushoto, na ikituama huganda. Mapigo yakirudi, atiria huanza kuminya tena, na bonge lililokuwa limetulia pale linaweza kung'oka na kusafiri hadi kwenye ubongo.

Ndiyo sababu, mpapatiko ukiwa umezidi saa 48, au ikiwa haijulikani ulianza lini, mgonjwa humeza dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki 3 au zaidi kabla ya shoti. Anayetumia warfarini hupimwa INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, mara kwa mara, na inatakiwa ikae kati ya 2 na 3 katika wiki zote hizo. Kipimo kimoja kizuri cha siku ya mwisho hakitoshi. Apiksabani humezwa asubuhi na jioni. Rivaroksabani humezwa mara moja kwa siku pamoja na chakula, kwa sababu kidonge cha miligramu 20 kikimezwa tumbo likiwa tupu hakifyonzwi vizuri. Dawa hizi mpya huisha mwilini haraka, hivyo dozi moja iliyorukwa huacha pengo la kweli. Mwenye valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba vya kushoto vya moyo) iliyosinyaa kwa sababu ya homa ya baridi yabisi hubaki kwenye warfarini, maana kwake dawa mpya si mbadala wake.

Ukiruka dozi, sema, hata kama umeshalazwa kitandani na mashine iko tayari. Hakuna atakayekugombeza. Daktari ataahirisha, au atachungulia kifuko kile kwa kipimo cha ultrasaundi kinachopitishwa kooni hadi kwenye umio. Bonge likionekana, shoti haipigwi siku hiyo. Kipimo hichohicho hutumika pale ambapo kusubiri wiki 3 hakufai. Mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu linaporomoka kwa sababu ya mapigo hayo hasubirishwi. Yeye hupigwa shoti papo hapo.

Siku yenyewe usile chakula kwa saa 6 kabla, ingawa maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Dawa ya kuzuia damu kuganda humezwa kama kawaida kwa funda la maji, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu insulini na vidonge vyake, kwani kufunga huku ukitumia dozi kamili kunaweza kushusha sukari vibaya. Usipake mafuta wala losheni kifuani na mgongoni, pedi hazitashika vizuri. Uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Kwanza utapimwa umeme wa moyo. Wapo wanaokutwa mapigo yameshajirudia yenyewe, wakaruhusiwa kwenda. Damu huangaliwa potasiamu, kwa sababu ikiwa chini moyo huwa mkorofi baada ya shoti, na mpapatiko hurudi kirahisi. Anayetumia digoksini ahakikishe wahudumu wanajua, kwani kumpiga shoti mtu aliyezidiwa na dawa hiyo ni hatari. Kisha utawekewa kanula mkononi, oksijeni, na pedi mbili kubwa: kwa kawaida moja mbele ya kifua na nyingine mgongoni upande wa kushoto, ili umeme upite katikati ya atiria. Nywele nyingi za kifuani hunyolewa. Mwenye betri ya moyo iliyopandikizwa huwekewa pedi mbali na kifaa, na kifaa hukaguliwa baada ya tiba.

Utachomwa dawa ya usingizi, mara nyingi propofoli, na utalala ndani ya dakika moja hivi. Huo si usingizi mzito wa upasuaji mkubwa na kwa kawaida hauhitaji mpira wa kupumulia kooni. Mashine husubiri moyo uminye ndipo iachie umeme, kwa kulenga kilele cha pigo. Wazo la kulenga hivyo linatokana na kazi ya daktari Bernard Lown wa Boston mwanzoni mwa miaka ya 1960. Shoti ikiangukia sehemu ya pigo ambapo misuli inajichaji upya, inaweza kuvitia vyumba vya chini kwenye mpapatiko wa kuua. Nguvu huwa kati ya jouli 120 na 200 kwa mashine nyingi za sasa, na wengine huanza moja kwa moja na kiwango cha juu. Mwili hushtuka mara moja. Isipofaulu, pedi hukandamizwa au kuhamishwa, kisha hujaribiwa tena.

Wengi huzinduka baada ya dakika 5 hadi 10 wakiuliza kama kazi imeanza. Ngozi iliyokuwa chini ya pedi inaweza kuwa nyekundu na kuwasha kama iliyochomwa na jua. Parasetamoli inatosha. Epuka ibuprofeni na diklofenaki, maana zikichanganyika na dawa ya kuzuia damu kuganda, tumbo linaweza kuvuja damu. Mara chache moyo huamka ukipiga polepole mno, na pedi zilezile hutumika kuusukuma kwa muda. Wengi huenda nyumbani siku hiyohiyo. Usiendeshe gari wala kusaini hati yoyote muhimu kwa saa 24.

Sasa wiki 4 zinazofuata, ambazo wagonjwa wengi huzichukulia kirahisi kwa kuwa wanajisikia vizuri. Kipimo cha umeme kinaonyesha mapigo safi, lakini misuli ya atiria bado imezubaa na inaminya kwa unyonge. Damu inaweza kuganda upya hata mapigo yakiwa sawa. Viharusi vingi vinavyofuata tiba hii hutokea katika siku 10 za mwanzo, na mara nyingi dawa ilikuwa imeachwa au haikutosha. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakigoma kutoka, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mapigo kurudi siku ile hakuhakikishi yatadumu. Kwa wengi mpapatiko hujirudia ndani ya mwaka, hasa uliodumu muda mrefu, atiria ikiwa imetanuka, au kukiwa na unene uliopitiliza, pombe nyingi, au kukatika pumzi usingizini. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi itibiwe kwanza, la sivyo shoti ni kazi bure. Ukirudiwa, daktari anaweza kukuanzishia amiodaroni, dawa ya kutuliza mapigo, kabla ya shoti ya pili, kupendekeza kuchoma kwa mrija sehemu za moyo zinazoanzisha vurugu, au kudhibiti kasi ya mapigo tu. Kwa asiyesumbuliwa na dalili, njia hii ya mwisho ni ya heshima kabisa.

Baada ya wiki 4, kuacha au kuendelea na dawa ya kuzuia damu kuganda hakuamuliwi na mapigo. Huamuliwa na umri, shinikizo la damu, kisukari, moyo uliochoka na historia ya kiharusi. Mwenye miaka 76 na shinikizo la damu ataendelea kumeza, hata kama kila kipimo cha umeme kinatoka safi.