Kumbukumbu ya mradi: kuhamisha foleni ya mtandao nyumbani

Jumamosi. Mama Neema anafanya vikao vya Zoom sebuleni, na simu yangu ikishika waifai tu inaanza kupandisha picha zote Google Photos. Zikianza kupanda, sauti yake inakatika. Nimeingia kwenye ruta, laptopu yake nikaipa kipaumbele cha juu, nikaongeza na kanuni ya UDP (njia ya kutuma data bila kungoja uthibitisho) kwa poti, yaani milango ya data, namba 8801 hadi 8810, zile za Zoom. Nikajiona fundi. Jioni sauti ikakatika vilevile.

Jumatatu. Leo nimepima badala ya kubahatisha. Pingi (muda wa pakiti, kipande kidogo cha data, kwenda na kurudi) hadi 1.1.1.1, seva ya Cloudflare, mtandao ukiwa umetulia: milisekunde 30. Picha zikipanda: 640! Kumbe foleni ya data inayongoja kutoka haiko kwenye ruta. Iko kwenye kile kiboksi cha faiba ukutani, na chenyewe kanuni zangu hakizijui. Ni kama kumweka trafiki Tabata aipishe ambulansi wakati magari yamekwama Buguruni.

Jumatano. Nimepakia OpenWrt, mfumo huria wa ruta, kwenye Archer C7, ruta niliyouziwa na jirani, kisha luci-app-sqm, ukurasa wa kuweka SQM (usimamizi wa foleni). Kwenye aina ya foleni nimechagua CAKE, mpangaji wa foleni aliyemo ndani ya Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018. Kazi yote ni kujinyima: laini yangu inashusha Mbps 20 na kupandisha 9, mimi nimeiambia ruta iishie 17 na 8. Hapo kiboksi hakijai tena, foleni inahamia kwenye ruta, na humo pakiti ndogo za sauti zinapenya bila kungoja mlima wa picha.

Dakika tano baadaye, kutoka sebuleni: "Baba Neema, umegusa nini tena huko?" Runinga imeganda. Nilikuwa nimeiweka SQM kwenye br-lan (upande wa ruta unaotazama nyumbani) badala ya wan (upande unaotazama intaneti). Ukiwa upande wa ndani, kinachotoka kwenda kwa watu wa nyumbani ndicho kinachoshushwa, kwa hiyo namba zimegeuka: nyumba nzima inashusha kwa 8. Nimehamishia wan, runinga ikaendelea.

Jumapili. Picha zinapanda, pingi ni 41. Zinachelewa kidogo kumalizika, ila hakuna aliyegundua. Nimeongeza maneno ya mipangilio ya CAKE, "nat dual-srchost" upande wa kupandisha na "nat dual-dsthost" upande wa kushusha, ili mgao uende kwa kila kifaa. Kijana akifungua torenti yenye miunganisho mia, bado anahesabiwa kama mmoja. Zile kanuni za Zoom sikuzirudisha kwenye ruta mpya, na kikao cha leo kilichodumu saa mbili nzima kimeisha bila "mnanisikia?" hata moja.

Kilichobaki: usiku kuanzia saa mbili laini yenyewe inashuka hadi 12, na hapo kikomo changu cha 17 ni pambo tu, foleni inarudi nje ya ruta yangu. Wiki ijayo nitajaribu cake-autorate, inayopima ucheleweshaji na kushusha kikomo yenyewe. Nitaiwasha baada ya kikao, si kabla.