Mauntingi za shokapu za nyuma: Eunos Roadster ya 1990

Jumamosi, siku ya kwanza

Mlio ulikuwa nyuma kulia. Gari ikipanda tuta, kimya, gurudumu likidondoka upande wa pili, "ko!" Shokapu ni mpya, zilifungwa mwaka jana kwenye gereji moja hapa Dar, na hazijavuja hata tone. Nikafungua buti, nikanyanyua zulia, nikaweka kidole juu ya mauntingi, kile kikalio cha chuma na mpira kinachoishika shokapu kwenye bodi, huku mdogo wangu akikandamiza na kuachia kona ya gari. Kidole kiliupata mgongano kabla ya sikio. Chuma kinagusa chuma.

Gari hii ndiyo Mazda MX-5 ya soko la Japani, ndogo ya paa la turubai, kama kilo 940 tu. Mazda walipoitoa mwaka 1989 waliinadi kwa msemo wao wa jinba ittai, yaani farasi na mpanda farasi kuwa mwili mmoja. Mimi huo mwili mmoja nimeshauonja, na mlio mdogo nyuma unauvunja kabisa.

Kabla ya kushika spana nilifunika betri kwa gunia kavu. Kwenye Roadster betri imo ndani ya buti, upande wa kulia, na spana ikilala juu ya vichwa vyake ni moto. Nati za juu, mbili kila upande, zilitoka bila shida.

Chini ndiko kulikokuwa na kazi. Ili shokapu ipate nafasi ya kutoka, nilitaka kuchomoa bolti ndefu inayounganisha mkono wa chini na sehemu ya habu, panapofungwa gurudumu. Naishi Kigamboni, chumvi ya bahari haimsamehi mtu. Bolti ilikuwa imeshikana na bomba la ndani la bushi (mpira wenye bomba la chuma katikati), ukizungusha kichwa inazunguka na bushi yake. Sikuipiga nyundo. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikamimina mafuta ya kulegezea pande zote mbili, nikaenda kulala.

Jumapili

Asubuhi nikaongeza mafuta, nikarudisha nati mpaka ikawa sawa na ncha ya bolti ili nisiharibu meno, ndipo nikagonga. Pigo la nne ikasogea. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Springi niliibana kwa vibano viwili vinavyotazamana, nikizungusha huku kidogo na huku kidogo. Hapa usiharakishe, springi iliyobanwa inaweza kukuua. Kabla ya kulegeza nati ya katikati nilichora mstari wa rangi kutoka kwenye mauntingi hadi jicho la chini la shokapu. Mstari huo usipokuwepo, stadi za juu (zile bolti zisizo na kichwa) hazitalingana na matundu ya bodi ukirudisha.

Mpira wa juu ulikuwa umesagika, umebaki kama unga wa mkaa. Na bushi ya jicho la chini imechanika kwa mzunguko, mchaniko wa kuzunguka bomba. Huo mchaniko ndio ulionieleza yote. Mwaka jana bolti za chini zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi hii haitelezi, mpira wake umegandishwa kwenye chuma, unajipinda tu. Ukiikaza miguu ikining'inia, gari ikishuka chini bushi inaishi imejisokota, kila tuta linaisokota zaidi. Spea ilikuwa nzuri. Nilisimama pale gerejini nikitazama na sikusema neno, na hilo linaniuma.

Bushi mpya niliziingiza kwa jiliwa (vaisi) ya meza na soketi kubwa. Bolti ndefu nikaipaka grisi. Nati za chini nikazifunga kwa mkono tu.

Jumatatu jioni

Nilipanga vipande vya mbao chini ya magurudumu yote manne, nikashusha gari, nikaikandamiza mara kadhaa ikae mkao wake. Nikalala chini na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nikakaza bolti za chini zote uzito wote wa gari ukiwa juu ya matairi.

Nikatoka nayo. Tuta la kwanza, kimya. La pili nililishuka kwa makusudi haraka kidogo, nikasikia "puf" ya mpira mzima ukipokea mzigo. Nimezima redio, nimefungua turubai, nimezunguka hadi giza likaingia.

Mauntingi za mbele nazifungua mwezi ujao. Zilifungwa siku ile ile.