Nilivyofunga uzazi nikiwa dereva wa lori

Mke wangu amejifungua mara tatu, zote kwa upasuaji. Mara ya tatu, akiwa bado mezani, daktari alimwambia mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba pale kwenye kovu, akamuuliza kama afungwe kizazi palepale. Akajibu, ngoja kwanza nimuulize baba Neema. Baba Neema nilikuwa Nyakanazi, lori limelala barabarani na simu imekwisha chaji. Akashonwa, akarudi wodini bila kufungwa.

Hilo liliniuma kuliko alivyojua. Mwaka uliofuata ukawa wa kuhangaika. Sindano ilimfanya atokwe damu wiki hadi wiki. Kijiti kilimpa maumivu ya kichwa, akakitoa. Kitanzi hakutaka hata kukisikia. Tukabaki na kondomu, na siku kondomu zikiisha, kumwaga nje. Muuguzi wa kliniki alitupa hesabu yake: wenza 100 wanaotegemea kondomu kwa mwaka, kwa jinsi watu wanavyozitumia kweli, 13 hivi hushika mimba. Kwa kumwaga nje ni kama 20. Mtu mwenye kovu jembamba hachezi na hesabu kama hiyo.

Neno la mwanaume kufunga uzazi nililisikia Kigoma, ninakoshusha mzigo. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri, tukisubiri mvua ikatike, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye alifungwa miaka mingi iliyopita. Nikamwangalia usoni, kisha nikajikuta namwangalia chini. Akacheka. "Unatafuta nini, kijana wangu? Vyote vipo." Baadaye nilisoma kwamba Kigoma ilishafikiwa na watafiti waliotaka kujua kwa nini baadhi ya wanaume wa huko wanakubali jambo ambalo kwingine nchini ni wachache mno wanaolikubali.

Mimi ni Msukuma. Nimekua nikishika kamba wakati baba anahasi madume ya jembe. Najua maksai anavyokuwa: anatulia, ananenepa, anavuta plau siku nzima bila kumtazama jike. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, na sidhani ni langu peke yangu. Tabibu nilipomweleza hakunicheka. Alichukua kalamu akachora. Kwa maksai, alisema, kinachoharibiwa ni korodani zenyewe, na zikifa, homoni ya kiume inakufa nazo. Kwako sigusi korodani. Nakata mirija miwili inayopitisha mbegu tu. Homoni haipiti kwenye mirija hiyo, inapita kwenye damu. Hata manii utayaona kama kawaida, maana mbegu ni sehemu ndogo sana, mengine yote yanatoka kwenye tezi za juu. Mbegu zinazobaki ndani mwili unazifyonza.

Niliuliza pia kama kuna kitu cha katikati, kidonge au sindano ya wanaume. Vipo kwenye majaribio, akasema. Kuna jeli ya homoni ya kupaka mabegani iliyojaribiwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Kuna sindano iliyozuia mimba vizuri, lakini utafiti wake ukasimamishwa 2011 kwa sababu ya madhara, yakiwemo mabadiliko ya hisia. Nilipomsimulia mama Neema, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo wao wakinuna, dawa inasimamishwa?" Sikuwa na la kumjibu mtu aliyetokwa damu wiki sita.

Ila aliyekuwa mgumu zaidi ni yeye. Nilitegemea atafurahi. Badala yake alikaa kimya siku mbili, halafu usiku akanitolea: "Sasa hivi angalau unaogopa kuzaa huko njiani. Ukifungwa utaogopa nini?" Dereva wa lori hawezi kujifanya hajaelewa swali hilo. Niliapa, lakini kiapo cha dereva kina thamani gani? Tulirudi kliniki pamoja. Muuguzi hakunipamba hata kidogo: "Hii haizuii UKIMWI wala kaswende, baba, hasa ninyi wa safari." Akaniuliza tena, mke wako akifariki? Ukioa mwingine anayetaka mtoto? Kuunganisha mirija upya ni upasuaji mgumu, wa gharama, na huenda usifanikiwe. Nikaomba muda. Nilikaa na maswali hayo miezi mitatu, Mwanza hadi Kigoma na kurudi, ndipo nikatia saini.

Kukatwa kwenyewe hakuna hadithi ndefu. Ganzi inachoma kama nge, kisha husikii ila kuvutwavutwa. Ni tundu dogo, bila kisu. Tabibu alisema njia hiyo ilibuniwa China 1974. Nusu saa haikufika, sikulipa kitu.

Kosa langu lilikuja siku ya nne. Niliambiwa nivae chupi ya kubana na nisinyanyue kizito kwa wiki nzima. Tajiri akapiga simu, nikapanda gari, nikasaidia kukaza turubai. Jioni kule chini kulikuwa kumevimba, rangi ya zambarau. Nikarudi kulala chali siku tano, barafu kwenye kitambaa, mama Neema akinipita bila kunipa pole.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukitoka pale bado unaweza kutia mimba. Mbegu zilizokwisha kuvuka mahali palipokatwa zinabaki njiani. Nikaambiwa nisubiri miezi mitatu, na katikati ziwe zimetoka mara 20 hivi, ndipo nipime. Kondomu hadi majibu yatoke. Sasa mara 20 kwa mtu anayelala nyumbani siku nne kwa mwezi! Miezi mitatu ilipotimia nikapeleka kikopo maabara, nimekificha kwapani kisipoe. Majibu: mbegu chache bado zinaonekana, rudi baada ya wiki sita. Nilivunjika moyo, nikadhani nimekatwa bure. Tabibu akasema hapana, ni ratiba yako tu, kaka.

Nikaomba likizo. Sitaeleza zaidi.

Kipimo cha pili kilitoka safi: hakuna mbegu iliyoonekana. Mama Neema aliisoma karatasi mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa kadi za kliniki za watoto. Kisha akatoka hadi kwenye lori, akafungua droo ya mbele, akachukua pakiti mbili za kondomu zilizobaki na kumpa utingo wangu mbele yangu.

"Huyu," akamwambia, "ukimwona anakuomba moja, nipigie."

Utingo ameihifadhi namba yake.