Jinsi nilivyopata kikundi cha kunisaidia kuacha pombe

Kuacha pombe nilikuwa naweza. Kutoirudia ndiko kulikonishinda. Nilianza kwa daktari, na hili nalisisitiza kwa yeyote anayekunywa kila siku: mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, na watu hufa. Ndiye aliyenielekeza kwa Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935.

Kwenye tovuti yao nilitafuta mkutano wa karibu. Kuna mikutano ya wazi, ambayo hata ndugu anaweza kukusindikiza, na ya faragha, ya wenye nia ya kuacha pombe tu. Nilianza na wa wazi. Ada hakuna, mwenye kupenda huchangia.

Niliogopa kuhojiwa. Zamu yangu ilipofika nilitaja jina la kwanza nikasema, "Leo nitasikiliza tu." Wakaitikia, "Karibu," zamu ikahamia kwa wa pili yangu. Mama mmoja akaeleza anavyozunguka njia ndefu kila jioni ili asipite penye baa. Nilishusha pumzi. Nami nilikuwa nafanya hivyo hivyo!

Kikundi kile kilikuwa kikubwa mno kwangu, nikahamia kingine kilicho kidogo. Huko nimepata mlezi, mwenzangu aliyetangulia kuacha, ambaye nampigia simu kiu inaponibana, hata usiku. Kwangu hilo ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Asiyeridhika na upande wa kiroho wa zile hatua 12 ambazo chama hicho hufuata ili kuacha pombe, ajaribu SMART Recovery, kundi jingine la kusaidiana, ambao hawautumii. Nao wana mikutano ya mtandaoni.