Magurudumu ya changarawe kwenye lami: soma ringi kabla ya kununua tairi

Unaweza kutumia magurudumu yaleyale ya baiskeli ya changarawe kwenye lami, ila usikimbilie tairi la upana wa milimita 25. Ringi nyingi za changarawe zina upana wa ndani wa milimita 23 hadi 25. Ukivalisha tairi jembamba hapo, kuta zake zinanyooka, ukingo wa ringi unabaki wazi, na shimo moja tu linatosha kuugonga. Kwa ringi ya 25, mimi naanzia tairi la 30 au 32. Na 32 huwa bora zaidi.

Kitu cha kuangalia kwa makini ni ukingo wa ringi. Kama hauna kulabu (mkunjo wa ndani unaoshika tairi), upepo usizidi psi 72 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa), na tairi lenyewe liwe limeandikwa kwamba linafaa ringi za aina hiyo. Ukijaza hadi 90 kwa mazoea ya zamani, tairi linaweza kuchomoka ukiwa kasi. Mtu wa kilo 70 hahitaji hata hiyo 72: kwa tairi la 32 anza na psi 50 mbele, 54 nyuma, kisha rekebisha.

Kutoka tairi la 40 kwenda la 32, baiskeli inashuka kama milimita 8. Kwa hiyo usikanyage pedali ukilala kwenye kona, itagusa lami. Badilisha pia mzingo wa gurudumu kwenye kompyuta ya baiskeli: takriban milimita 2155 kwa tairi la 32 (huandikwa 700x32), la sivyo itakusifia kasi usiyokuwa nayo.