Kiwira ya tumboni

Shangazi yangu wa Tukuyu, siku ya kuchinja mbuzi, hana haraka na sehemu ya utumbo iliyo karibu na tumbo la chakula. Maji mengi na chumvi huviweka kwa ajili ya sehemu za mwisho, kwa sababu, asemavyo, huko juu hakuna uchafu wa maana. Mbuzi anacheua na binadamu hacheui, lakini kauli hiyo hunijia kila ninaposikia ikisemwa kwamba tumbo limejaa bakteria, kana kwamba tumbo lote ni gunia moja.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Katika duodeni, yaani kipande cha kwanza cha sentimita 25 hivi, mililita moja ya majimaji huwa na bakteria 1,000 hadi 10,000 tu, ilhali mwishoni, kwenye ileamu, idadi hiyo hufikia mamilioni. Asidi itokayo tumboni, nyongo na vimeng'enya vya kongosho huua wengi pale mwanzoni, na wanaosalimika husukumwa mbele na misuli kabla hawajazaliana vya kutosha. Ni kama mto Kiwira: unapoporomoka kutoka milima ya Rungwe hakuna jani linalotulia, mpaka maji yafike tambarare za Kyela na kupunguza mwendo.

Wakazi wa huko juu ni wa jamii chache, na wanaonivutia zaidi ni streptokoki na veilonela. Streptokoki hunyakua sukari nyepesi kabla ukuta wa utumbo haujaifyonza yote, wakaigeuza kuwa asidi laktiki, ile ile inayoipa togwa uchachu wake; veilonela, ambao kwa kawaida hawatumii sukari, huishi kwa asidi hiyo. Wote wawili wanapatikana pia kinywani, hivyo kila tunapomeza mate tunawapelekea ndugu zao wapya. Kuelekea ileamu oksijeni hupungua, na hapo huanza kuonekana bakteria wasioivumilia, wanaofanana na wale wa utumbo mpana.

Mengi tuyajuayo kuhusu bakteria wa tumbo yametokana na kinyesi, kwa kuwa hupatikana bila kumsumbua mtu. Kwangu mimi, kuueleza utumbo mwembamba kwa kinyesi ni sawa na kuchota maji ya Ziwa Nyasa pale Matema na kudai umeyapima ya Kiwira. Kuufikia kunahitaji mpira wa kamera unaopitishwa kinywani, nao huweza kubeba bakteria wa mate njiani. Njia nyingine ni kupata msaada wa watu waliofanyiwa upasuaji, ambao ileamu yao hutokea kwenye ngozi ya tumbo na kumwaga kwenye mfuko. Kwa watu hao imeonekana kwamba sampuli ya asubuhi na ya alasiri, za mtu yule yule, zinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo anayechukua sampuli moja tu amepata habari za saa ile.