Michango yote ya likelemba imepatikana

Wapendwa, mtulie: hesabu zetu za likelemba, huu mchezo wetu wa kuchangiana pesa kwa zamu, zimerudi zote.

Umeme ulikatika huku Nguba, Bukavu, nikiwa naandika, na betri ya kompyuta yangu ni jina tu. Uliporudi, programu ya kuandikia ikawa inafunguka na kujifunga papo hapo. Kwenye simu nako nikakuta maandishi ya zamani. Kumbe usawazishaji kati ya kompyuta na simu ulikwama kimyakimya.

Mdogo wangu akasema, "Dada, futa tu hiyo programu uiweke upya." Nikamwambia toa mkono! Programu nyingi za namna hii huweka maandishi kwanza ndani ya kompyuta yenyewe, kwenye faili la hifadhidata. Ukiifuta vibaya, na faili linaweza kwenda nayo.

Nikazima intaneti, nikaingia kwenye folda zilizofichwa. Hifadhidata ilikuwa ya aina iitwayo SQLite, na pembeni yake faili jingine la jina lilelile, likiishia na -wal. Ukiliona unaweza kudhani ni takataka. Humo ndimo yanamokaa maandishi mapya ambayo hayajaingizwa kwenye faili kubwa! Nikanakili yote mawili kwenye flashi, nikaweka programu upya, nikayarudisha mahali pake. Ikafunguka. Hata michango niliyokuwa naandika giza lilipoingia ilikuwepo.

Sasa kila baada ya kikao namtumia mweka hazina nakala ya maandishi ya kawaida. Yeye bado anataka niandike na kwa biki. Nimekubali, ila daftari anunue yeye.